Fundi Akihama, Nani Alipwe? Kisa cha Boston na Chicago

Na Katibu wa Michezo, Chama cha Kiswahili

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tunaitia katika insha kila muhula, lakini ni nani kati yetu amewahi kuuliza swali linaloifuata? Fundi aliyeunda vyombo hivyo akihamia bandari nyingine, bandari aliyoiacha ilipwe nini? Au isilipwe kitu?

Swali hili liliwafanya mashabiki wa besiboli wa Boston na Chicago, miji mikubwa ya Marekani, wabishane kwa muda wa miezi minne, tangu Oktoba 2011 hadi Februari 2012. Tulilijadili katika mdahalo wa chama chetu muhula wa pili, na kwa kuwa wengi walitoka ukumbini wakiwa bado wanavutana mashati, mhariri ameniomba nilieleze kwa kirefu. Mengi niliyasikia kwanza kwa mjomba wangu anayeishi Lowell, karibu na Boston, mahali penye Wakenya wengi. Mjomba ni shabiki sugu wa Boston Red Sox, kwa hiyo nilijitahidi kusoma na ya upande wa pili, maana mamba hasimulii vizuri habari za kiboko.

MCHEZO WENYEWE

Nianze na wale wasioujua mchezo huu. Besiboli ni jamaa ya raundasi tuliyoicheza shule ya msingi. Kila timu ina wachezaji 9 uwanjani. Mrushaji huvurumisha mpira, mpigaji huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Ligi kuu ya Marekani ina timu 30, na kila timu hucheza mechi 162 kwa msimu wa kawaida. Timu hizo zimegawanywa katika ligi mbili, na mabingwa wa ligi hizo hukutana katika fainali iitwayo World Series.

Uwanjani timu huongozwa na kocha ambaye wao humwita meneja. Lakini juu yake yuko mtu mwingine ambaye huenda hata hajui kurusha mpira: meneja mkuu. Huyu hukaa ofisini. Ndiye anayechagua vijana wa kusajiliwa, anayeandika mikataba, anayemuuza huyu na kumleta yule. Kocha hupika, lakini meneja mkuu ndiye aendaye sokoni. Akileta viazi vibovu, mpishi atafanya nini?

Jambo moja zaidi ni muhimu kabla hatujaendelea. Katika mpira wetu wa miguu, timu ikimtaka mchezaji hutoa pesa. Katika besiboli ya Marekani, mara nyingi timu hubadilishana watu: nipe mrushaji wako, nikupe wapigaji wawili chipukizi. Ndiyo maana hata fidia ya kiongozi wa ofisini hudaiwa kwa wachezaji.

KIJANA WA BOSTON

Theo Epstein alilelewa Brookline, karibu kabisa na uwanja wa Fenway wa Red Sox. Mnamo Novemba 2002, akiwa na umri wa miaka 28, timu hiyo ilimfanya meneja mkuu. Hapakuwa na meneja mkuu mwingine mdogo kama yeye katika historia ya ligi hadi wakati huo.

Boston ilikuwa na kidonda cha zamani. Ilichukua ubingwa mwaka 1918, kisha ikamuuza nyota wake Babe Ruth kwa New York Yankees, na tangu hapo ikakaa mikono mitupu. Watu walisema kuna laana. Epstein alikaa ofisini misimu miwili tu, na mwaka 2004 ubingwa ukarudi baada ya miaka 86. Mwaka 2007 wakauchukua tena. Mjomba ananiambia kwamba wazee walilia barabarani kama watoto.

Kisha ukaja mwaka 2011. Tarehe 3 Septemba Boston ilikuwa mbele ya Tampa Bay kwa mechi 9 katika kuwania nafasi ya kuingia mchujo. Mwezi huo wote ikashinda mechi 7 na kupoteza 20, na siku ya mwisho ya msimu ikatupwa nje. Kocha Terry Francona akaondoka. Watu wa Chicago Cubs, ambao walikuwa na kidonda kikubwa kuliko cha Boston kwa kuwa hawakuwa wameuona ubingwa tangu 1908, wakabisha hodi wakimtaka Epstein.

Hapo ndipo shida ilipozuka. Epstein alikuwa amebakiza mwaka mmoja katika mkataba wake.

HOJA ZA PANDE MBILI

Katika ligi hiyo, kiongozi mwenye mkataba hazungumzi na timu nyingine mpaka mwajiri wake akubali. Kwa desturi, timu hukubali ikiwa mtu wake anapandishwa cheo, na hukataa ikiwa anakwenda kufanya kazi ile ile. Chicago ilimpa Epstein cheo cha rais wa shughuli za besiboli, juu ya meneja mkuu, na magazeti ya huko yaliripoti mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 18.5. Boston ikamruhusu kwa sharti kwamba italipwa. Ilipwe nini hasa? Hilo waliliacha baadaye. Hapo ndipo walipojitia kitanzi, maana bei usiyoipatana kabla ya kukata nyama itakusumbua nyama ikiwa tumboni.

Mashabiki wa Boston walisema hivi. Kwanza, mkataba ni mkataba. Anayeuvunja au kumsaidia mwenzake kuuvunja sharti alipe. Pili, mtu huyu anajua siri zetu zote: nani mgonjwa, nani mvivu, chipukizi gani ana kipaji kisichoonekana bado. Tatu, ikiwa nyinyi wenyewe mnampa mamilioni, basi mmekiri thamani yake. Mbona mnataka kutupa makombo? Magazeti yalitaja jina la Matt Garza, mrushaji hodari wa Chicago, kuwa ndiye Boston iliyemtaka.

Mashabiki wa Chicago wakacheka. Garza? Kwa mtu asiyerusha wala kupiga mpira? Walijibu kwamba Epstein angemaliza mkataba wake mwaka uliofuata na kuondoka bure. Pia Boston ilikuwa na mrithi tayari, Ben Cherington, aliyekuwa msaidizi wake, na ilimpa kiti hicho Oktoba ile ile. Mlango haukuvunjwa, walisema, mlifungua wenyewe.

Katika mdahalo wetu, msemaji mkuu wa upande wa kuunga mkono alitoa mfano wa mpangaji. Ukikodi nyumba kwa mwaka mzima, ukahama kabla ya mwaka kwisha, mwenye nyumba ana haki ya kukudai. Basi dada mmoja wa Kidato cha Pili akasimama, akasema, “Mheshimiwa Spika, na je, mwenye nyumba akishapata mpangaji mwingine siku hiyo hiyo, amepungukiwa na nini?” Ukumbi ulilipuka kwa makofi, na kusema kweli huyo msemaji mkuu alibaki akitafuta karatasi zake.

YALIYOTANGULIA

Kila kesi hutafuta kesi ya jana. Chicago ilikuwa na silaha nzuri hapa, tena kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1994 Cubs hao hao walimchukua Andy MacPhail kutoka Minnesota Twins, mtu aliyekuwa ameijengea Minnesota ubingwa mara mbili, mwaka 1987 na 1991. Fidia ilikuwa nini? Mrushaji mmoja chipukizi aitwaye Hector Trinidad, ambaye hakuwahi kufika ligi kuu. “Hiyo ndiyo bei ya sokoni,” wakasema watu wa Chicago.

Boston nayo ingeweza kutaja kesi za makocha, maana huko malipo yalikuwa manono zaidi. Mwaka 1967 New York Mets walimtoa mrushaji Bill Denehy pamoja na dola 100,000 ili wampate Gil Hodges aliyekuwa kocha wa Washington. Miaka miwili baadaye Hodges akawapa ubingwa. Mwaka 1976 Pittsburgh Pirates walimtoa mdakaji wao mashuhuri, Manny Sanguillén, ili wampate kocha Chuck Tanner kutoka Oakland. Cha kuchekesha ni kwamba Sanguillén alirudi Pittsburgh mwaka 1978, na mwaka 1979 wote wawili wakawa mabingwa pamoja! Mwaka 2002 Tampa Bay ilimtoa Randy Winn, mchezaji mzuri wa ligi kuu, kwa ajili ya kocha Lou Piniella wa Seattle.

Hata mtangazaji amewahi kubadilishwa na mchezaji. Mwaka 1948 timu ya Brooklyn Dodgers ilimtoa mdakaji Cliff Dapper kwa timu ya Atlanta Crackers, na badala yake ikampata mtangazaji wa redio Ernie Harwell. Kwa hiyo nyinyi mnaopenda kutangaza michezo kwa kipaza sauti siku ya riadha, angalieni. Siku moja tutawabadilisha na golikipa.

Lakini tofauti ipo. Kocha humwona akifanya kazi kila siku, mechi kwa mechi. Kazi ya mtu wa ofisini huonekana baada ya miaka mitano. Utaipimaje leo?

MALIPO YENYEWE

Timu hizo mbili zilipewa hadi tarehe 1 Novemba 2011 zikubaliane. Siku ikapita. Shauri likafika kwa kamishna wa ligi, Bud Selig, na kila upande ukapeleka hoja zake kwa maandishi. Mashabiki wakasubiri Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita. Hatimaye tarehe 21 Februari 2012 ikatangazwa kwamba timu zimepatana: Chicago itatoa mrushaji aitwaye Chris Carpenter.

Hapa palikuwa na kichekesho kikubwa. Wakati huo kulikuwa na Chris Carpenter wawili. Mmoja alikuwa nyota wa St. Louis Cardinals, aliyekuwa ametoka kushinda mechi ya mwisho ya World Series ya 2011. Boston haikumpata huyo. Ilimpata yule mwingine, kijana aliyekuwa amecheza mechi 10 tu za ligi kuu. Kuongezea hapo, timu zilibadilishana chipukizi mmoja mmoja: Chicago ikamtoa mrushaji Aaron Kurcz, na Boston ikamtoa Jair Bogaerts, kijana wa kisiwa cha Aruba, ambaye ndugu yake pacha, Xander, alibaki Boston.

Carpenter alifanyiwa upasuaji wa kiwiko kabla hata msimu haujaanza. Mwaka huo aliichezea Boston mechi 8, na baada ya hapo hakuonekana tena katika ligi kuu. Mjomba hunung'unika mpaka leo: “Mpwa wangu, tulitoa ng'ombe tukapewa kamba.”

NANI ALIFAIDIKA?

Lakini je, Boston ilipunjwa kweli? Hebu tuhesabu pamoja.

Chicago ilianza vibaya, ikapoteza mechi 101 mwaka 2012. Epstein hakutishika, akawa anapanda mbegu. Mwaka 2016 Cubs wakawa mabingwa baada ya miaka 108, wakiishinda Cleveland 8 kwa 7 katika mechi ya saba iliyoendelea hadi raundi ya kumi. Na kocha wa Cleveland alikuwa nani? Terry Francona yule yule!

Ile hoja ya siri nayo ilikuwa na ukweli ndani yake. Anthony Rizzo, aliyedaka mpira wa mwisho wa fainali hiyo, alisajiliwa kwanza na Boston mwaka 2007, enzi za Epstein. Baadaye Boston ilimpeleka San Diego, na Januari 2012, hata fidia haijatangazwa, Epstein na wenzake wakamleta Chicago. Walijua walichokuwa wakikitafuta.

Sasa geuza upande wa pili wa sarafu. Boston ilikuwa bingwa mwaka 2013, miaka mitatu kabla ya Chicago, na wachezaji wake kadhaa, kama Dustin Pedroia, Jacoby Ellsbury na Xander Bogaerts, walikuwa wameletwa na Epstein kabla hajaondoka. Mpanzi alihama, shamba likabaki na mazao yake. Kocha wa ubingwa huo, John Farrell, alikuwa mwenyewe amechukuliwa kutoka Toronto mwaka 2012, na Boston ikalipa kwa kumtoa mchezaji Mike Aviles. Kwa hiyo Boston ilidai fidia mwaka huu, ikalipa fidia mwaka uo huo. Mwosha huoshwa.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kinachofidiwa si mtu. Kinachofidiwa ni muda uliobaki katika ahadi yake. Boston haikuwa na Epstein mzima wa kuuza. Ilikuwa na mwaka wake mmoja. Yale aliyokwisha kuyajenga yalibaki nyumbani, na yale atakayoyajenga baadaye hayakuwa yake Boston kamwe. Mwaka mmoja wa mtu ambaye moyo wake umekwisha kuondoka una thamani gani? Si ya bure, lakini si Garza.

ASIYEULIZWA

Kuna mtu ambaye katika kelele zote hizo hakuulizwa neno: Carpenter mwenyewe. Epstein alichagua kuhama. Wenye timu walichagua kupatana. Kijana yule aliamka akaambiwa, funga mizigo, wewe ndiwe malipo.

Jambo hili si geni kwa Wamarekani. Mwaka 1969 mchezaji Curt Flood wa St. Louis aliambiwa amebadilishwa na anatakiwa kwenda Philadelphia. Akakataa. Alimwandikia kamishna kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali anachotaka. Kesi ikafika Mahakama Kuu kabisa ya nchi, na mwaka 1972 akashindwa kwa majaji 5 dhidi ya 3. Lakini alikuwa amelitikisa jiwe. Mwaka 1975 mwamuzi wa ligi aliamua kwamba mchezaji anayemaliza mkataba anaweza kwenda atakako. Hata hivyo, mwenye mkataba unaoendelea bado huweza kubadilishwa, isipokuwa mwenye miaka 10 katika ligi kuu, 5 ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo. Huyo aweza kusema hapana.

Nilipolisema hili ukumbini, kukawa kimya. Tulikuwa tumebishana saa nzima juu ya haki ya Boston na haki ya Chicago, tukamsahau aliyebebeshwa deni.

SISI JE?

Msidhani mambo haya ni ya ng'ambo tu. Nyinyi mashabiki wa Manchester United mnamkumbuka Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo aliyetoka Newcastle. Mwaka 2024 Newcastle ilimweka nyumbani miezi kadhaa huku timu zikivutana juu ya fidia. Akaanza kazi Julai, na Desemba ya mwaka huo huo akaondoka. Miezi mitano! Hapo wa kucheka ni nani?

Na hapa kwetu, sote tunakumbuka yaliyotupata mwaka juzi, shule moja jirani ilipomchukua kocha wetu wa voliboli katikati ya muhula, wiki mbili kabla ya mashindano. Wasichana wetu walilia. Wengine walisema shule ile itulipe mipira, wengine wakasema irudishe kocha, na kuna waliopendekeza tuwachukue wachezaji wao wawili! Lakini kocha yule alikuwa analipwa kidogo kidogo kwa pesa za wazazi, bila karatasi yoyote. Tungedai kwa hati gani? Naye ana watoto wa kusomesha. Alipoahidiwa zaidi, ni nani angemlaumu kwa haki?

Basi nikiulizwa kanuni, nitatoa nne. Mosi, pasipo mkataba hapana fidia. Kwa hiyo shule na vilabu viandikiane na makocha wao, hata kama ni ukurasa mmoja. Pili, fidia ihesabiwe kwa muda uliobaki, isihesabiwe kwa uchungu wa anayeachwa. Tatu, bei ipatanwe kabla mtu hajavuka mlango. Nne, asitumiwe mtu wa tatu kama sarafu bila kuulizwa.

Najua wapo watakaonipinga, hasa hiyo kanuni ya pili, maana uchungu wa kuachwa ni kitu kikubwa na hauna mizani. Karibuni. Mdahalo ujao ni muhula wa kwanza, na safari hii mimi nitakaa upande wa upinzani. Kuweni na karatasi zenu tayari.